Eliya Alipewa Mkate Mara Mbili

Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Leo twataka kusema juu ya ugonjwa ambao makanisani mwetu hautajwi kwa jina, na mara nyingine hata husifiwa.

Katika parishi moja tuliyoitumikia kulikuwa na msichana wa shule ya upili aliyefunga sana. Alianza na Ijumaa, akaongeza Jumatano, kisha zikawa siku nyingi mfululizo. Mezani alisema, "Nimefunga, mama." Sisi wachungaji tukamtaja mbele ya vijana kuwa mfano mwema. Likizo ya Agosti akazimia akiteka maji. Hospitalini daktari akamwuliza mama yake swali ambalo sisi hatukuwahi kuuliza: "Mama, tangu lini binti yako anaogopa kunenepa?"

Ndugu, twaungama. Tulisifu ugonjwa tukidhani ni utakatifu.

Ugonjwa huo huitwa anoreksia. Daktari William Gull wa London aliueleza katika miaka ya 1870, kwa hiyo si jambo la jana. Mgonjwa hujinyima chakula mpaka anakonda kupita kiasi, lakini akijitazama bado ajiona mnene. Husikia baridi hata wakati wa jua, nywele humtoka, kizunguzungu humshika, na mara nyingi msichana hukosa siku zake za mwezi. Huvaa nguo kubwa ili kuuficha mwili.

Upo mwingine uitwao bulimia, ulioelezwa na daktari Gerald Russell, naye wa London, mwaka 1979. Mgonjwa hula chakula kingi upesi na kwa siri, kisha hujitapisha au hunywa dawa za kuharisha. Huyu aweza kuwa na mwili wa kawaida, ndiyo maana hatambulikani. Angalia kama akimaliza kula hukimbilia chooni, kama meno yake yanalika na mashavu yamevimba. Kutapika huondoa mwilini chumvi ambazo moyo wazihitaji, na moyo waweza kusimama ghafula. Wako pia walao kupita kiasi bila kujitapisha, kisha hulia peke yao kwa aibu.

Msidhani ni mchezo. Karen Carpenter, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, aliugua anoreksia kwa miaka mingi, na mwaka 1983 moyo wake ulishindwa. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Je, huletwa na nini? Si jambo moja. Wengine wamezaliwa katika jamaa zenye udhaifu huo. Wengine ni watoto wa bidii nyingi, wasiojisamehe kosa dogo. Wengine walichekwa kwa ajili ya mwili wao, au walitendewa uovu wakauficha. Hata wavulana huugua. Tena macho yetu hufundishwa. Huko Fiji, kama kwetu, mwili mnene ulikuwa sifa njema. Televisheni ilipofika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, wasichana wa shule waliulizwa, wala hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili akonde. Mwaka 1998 walipoulizwa tena wasichana wa rika lilo hilo, 11 katika kila 100 walisema ndiyo. Leo picha hizo watoto wetu wamezishika mkononi, katika simu, mchana na usiku.

Basi tutatofautishaje kufunga na kuugua? Kufunga kwa Mkristo kuna mwanzo na mwisho, na saa ya kufungua ni saa ya shukrani pamoja na wenzake. Mgonjwa huiogopa saa hiyo. Amalizapo mfungo mmoja hutafuta mwingine.

Sasa tumtazame Eliya chini ya mretemu. Amechoka, ataka kufa. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia ana pepo. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Kidogo, pumziko, kisha kidogo tena. Madaktari nao hufanya hivyo, kwa maana aliyeshinda na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula kingi mara moja aweza kufa.

Kwa hiyo, wazazi, msimlazimishe kwa fimbo wala kwa kejeli. Mpelekeni hospitali mapema, mkiomba njiani. Maombi na daktari havigombani. Mama wa kanisa, tuache kusalimiana kwa kusema, "Umenenepa!" au "Umekonda, unapendeza!" Nasi wachungaji, kijana akifunga mno, tusimpeleke mimbarani. Tuketi naye mezani.

Binti yule alitibiwa kwa zaidi ya miaka miwili. Alianza na uji nusu kikombe, mama yake akiketi kando yake. Mara nyingine alirudi nyuma. Mama hakuchoka kurudi na kikombe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako alipotaka kufa, utupe macho ya kuwaona watoto wetu wanaonyauka mbele yetu, na subira ya kurudi kwao mara ya pili, na ya tatu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.