Kabla Hujafuta Kila Kitu

Simu janja inapogoma kuwaka, kinachomtia mwenyewe hofu mara nyingi si bei yake. Ni picha za mtoto akiwa mchanga, ujumbe wa sauti wa mzazi aliyekwisha kutangulia, namba za wateja, risiti za ada. (Fedha za M-Pesa hazimo humo. Salio hukaa kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, na laini ukiihamishia kwenye simu nyingine unaendelea kulitumia.) Simu inapelekwa kwa fundi, na katika vibanda vingi jibu la kwanza ni kuiflashi, yaani kuupakia mfumo wake upya, au kuiriseti, yaani kuifuta irudi kama ilivyotoka kiwandani. Haraka hiyo naipinga kabisa. Kuriseti kunatibu aina moja tu ya matatizo yanayoizuia simu kuwaka, na kilichofutwa hakirudi.

Anza na umeme, kwa kuwa lawama nyingi ziko hapo. Betri ya lithiamu ya simu ikijaa huwa na volti 4.2 au zaidi kidogo, na simu hujizima yenyewe volti zikishuka kuelekea 3. Ukiitupa kabatini miezi kadhaa katika hali hiyo, betri inaendelea kuvuja taratibu hadi inashuka chini ya kiwango cha usalama. Ndani ya betri, upande hasi ni unga wa grafiti uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Volti zikishuka mno, shaba hiyo huanza kuyeyukia kwenye kimiminika cha betri, na ukija kuichaji inaganda upya mahali pasipo pake, ikiwa tayari kuunganisha pande mbili zisizopaswa kugusana. Ndiyo maana kila betri ya simu ina saketi ndogo ya ulinzi inayokata mawasiliano kabla mambo hayajafika huko.

Nayo saketi ya chaji ina tahadhari yake. Ikikuta betri imeshuka sana haiimwagii umeme wote. Huipa mkondo mdogo, pengine sehemu moja ya kumi ya kawaida, hadi volti zipande tena. Katika muda huo kioo hakionyeshi chochote, hata alama ya betri. Mwenye simu anaona kimya, anachomoa waya baada ya dakika tano na kutangaza msiba. Simu ya namna hii inahitaji nusu saa, hata saa nzima, ikiwa kwenye chaja nzuri, bila kubonyezwa kila mara, maana kila jaribio la kuiwasha linakula ule umeme kidogo uliokwisha kuingia.

Chaja nzuri nayo si jambo dogo. Tundu la kawaida la USB kwenye kompyuta ya zamani hutoa volti 5 na ampea 0.5, yaani wati 2.5. Betri ya mAh 5000 ina karibu wati-saa 19, basi piga hesabu mwenyewe. Wakati wa kuamka, prosesa na kioo huhitaji umeme mwingi kwa mkupuo, na chaja dhaifu au waya uliochoka hauwezi kuutoa. Simu inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena, na mtu anadhani programu zimeharibika. Jaribu waya mwingine na chaja nyingine kabla ya kuamini lolote. Kisha mulika tundu la chaji kwa tochi. Pamba za mfukoni hujishindilia humo hadi waya haufiki mwisho. Zitoe kwa kijiti cha mti cha kuchokolea meno, simu ikiwa imechomolewa. Usitumie pini wala sindano.

Betri iliyozeeka ina dalili zake. Simu inazima ikiwa bado na asilimia 30, inawaka ukiichomeka, inazima tena ukifungua kamera. Ukinzani wa ndani wa betri umepanda, kwa hiyo kazi nzito inapoanza volti zinaporomoka ghafla ingawa akiba ipo, kama bomba la maji linalotoka vizuri hadi nyumba ya pili inapofungulia lake. Apple ilikumbana na jambo hili katika iPhone za aina ya 6 na 6s. Mwaka 2017 iliingiza programu iliyopunguza kasi ya simu zenye betri chakavu ili zisizime ghafla, na Desemba mwaka huo ikakiri hadharani. Mamlaka ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020 kwa kutowaeleza wateja mapema. Baridi nayo huporomosha volti za betri kwa muda. Wapanda Kilimanjaro hushuhudia simu ikizima karibu na kilele cha Uhuru, mita 5895, kisha ikarudi ikipashwa joto mfukoni. Tiba ya betri chakavu ni betri mpya. Kuriseti hakuigusi.

Wapo mafundi wanaoiamsha betri iliyolala kwa kuiunganisha moja kwa moja na nyaya za umeme, wakiiruka ile saketi ya ulinzi. Wakati mwingine inafanikiwa, na hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani, kwa sababu ya shaba niliyoitaja. Betri iliyovimba ina gesi iliyozaliwa na kemikali zilizooza ndani yake. Usiichaji, usiibonyeze irudi bapa, usiitoboe. Mwaka 2016 Samsung ilizikusanya Galaxy Note 7 kutoka duniani kote na kuacha kuzitengeneza kwa sababu betri zake zilikuwa zinashika moto, na hizo zilikuwa mpya.

Betri hizi zinastahili heshima. Kemia yake iliwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel mwaka 2019, miaka 28 baada ya Sony kuziingiza sokoni. Kobalti iliyomo katika nyingi kati yake huchimbwa zaidi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kolwezi na kwingineko katika Katanga ya zamani, na wachimbaji wengi wa huko huzungumza Kiswahili. Kila simu inayotupwa kwa kosa la utambuzi inapoteza jasho lao pia.

Umeme ukiwa sawa na kioo bado cheusi, ilazimishe kuzima na kuwaka. Kitufe cha kuwashia hakipeleki habari kwa prosesa peke yake. Kinafika pia kwenye chipu inayogawa umeme, na chipu hiyo inahesabu sekunde bila kuomba ruhusa ya mfumo endeshi. Zikitimia, inakata umeme wa prosesa na kuurudisha. Simu iliyoganda, ambayo haisikii mguso wala kitufe, huwa haina la kupinga. Kwenye Samsung nyingi shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti kwa zaidi ya sekunde 7. Kwenye iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na uachie cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie cha kupunguza, kisha shikilia cha pembeni hadi nembo itokee. Aina nyingine nyingi huitikia kitufe cha kuwashia kikishikiliwa sekunde 10 hadi 20. Hatua hii haifuti hata picha moja, na inashangaza ni mara ngapi inatosha.

Isipotosha, ipigie simu hiyo. Ikiita au ikitetemeka, iko hai na aliyekufa ni kioo. Ukiwa gizani, mulika tochi kwenye kioo kwa mshazari. Kwenye vioo vya LCD vilivyopoteza taa ya nyuma utaona picha hafifu zikiendelea na shughuli zake. Kioo hubadilishwa na kila kitu ndani kinabaki.

Simu iliyolowa ina kanuni yake. Maji peke yake hayaui haraka kama maji pamoja na umeme. Mkondo ukipita kwenye maji yenye chumvi, madini ya viungio vya bodi huliwa na kuota ukungu wa kijani katika muda mfupi, na chumvi ipo hata kwenye jasho. Kosa kubwa kwa hiyo ni kuichomeka kwenye chaji kuona kama inawaka. Mchele hausaidii. Hauwezi kuvuta maji yaliyojificha chini ya vifuniko vya chuma vya bodi, na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Mwaka 2024 Apple yenyewe iliwaonya wateja wake waache jambo hilo. Zima, usichaji, ipeleke ifunguliwe na kusafishwa kwa spiriti ya isopropili.

Tuseme sasa nembo inatokea na simu inaishia hapo. Hii ni habari njema. Simu ikiwashwa, chipu ya umeme hukagua betri, prosesa huamka na kusoma maagizo mafupi yaliyochongwa ndani yake kiwandani, maagizo hayo yanahakiki saini ya programu inayofuata, na programu hiyo ndiyo inayoonyesha nembo kabla ya kukabidhi kazi kwa Android au iOS. Nembo ikionekana, basi kioo, prosesa na sehemu kubwa ya mfumo wa umeme vinafanya kazi. Kilichokwama kiko mbele zaidi: sasisho lililokatizwa, programu yenye kasoro, au kumbukumbu iliyojazwa video za WhatsApp hadi mfumo umekosa nafasi ya kuandika faili zake. Jaribu kwanza hali salama, ambamo programu ulizoongeza mwenyewe hazifunguki. Kwenye Android nyingi unaipata kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati nembo inapotokea. Ikifunguka, nakili picha zako kabla ya kufanya jambo lingine.

Kuriseti kunakuja baada ya hayo yote. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu mpya zinazotoka na mfumo huo lazima zisimbe kwa siri data zote za mtumiaji, na iPhone zilitangulia. Ufunguo wa siri umefungamana na chipu za simu ile ile na nenosiri lako. Ukiriseti, ufunguo unaharibiwa, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni herufi zisizosomeka na yeyote. Anayekuuzia programu ya kurudisha picha za simu ya sasa iliyorisetiwa anachukua fedha yako bure. Hali kadhalika, kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuipandikiza peke yake kwenye bodi nyingine hakuleti kitu.

Na kuna kufuli la akaunti. Tangu mwaka 2015, simu nyingi za Android zikirisetiwa kwa vitufe hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Wengi hapa kwetu walifunguliwa akaunti na muuza duka siku ya kununua, hawajui barua pepe wala nenosiri. Wakiriseti wanabaki na simu inayowaka vizuri na kukataa kuwafungulia.

Simu iliyokataa vipimo vyote ina hitilafu kwenye bodi, na hapo tafuta fundi mwenye hadubini na kipima umeme cha benchi. Mara nyingi tatizo ni kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyopitisha umeme moja kwa moja hadi ardhi ya saketi. Fundi huingiza volti ndogo, hutafuta mahali panapopata joto, na kuibandua. Au ni risasi ya kuunganishia iliyoachia, kama kwenye LG G4 ambazo kampuni ilikiri mwaka 2016 kuwa zilijizima na kujiwasha bila kikomo kwa sababu ya viungio vilivyolegea. Mwambie tangu mwanzo kwamba unachotaka ni data, na simu yenyewe baadaye. Prosesa na kumbukumbu za asili zikibaki pale pale kwenye bodi na kuamka kwa saa moja tu, nenosiri lako litafungua na picha zitanakiliwa, hata kama baada ya hapo simu haitafaa tena.