NAMBA 300 000 000 000: TUANGALIE ILE 3



Mwaka 1967 zaire 1 ilikuwa na bei ya dolari 2 za Marekani. Mwaka 1992 noti ya zaire 5 000 000 ilitoka. Mwezi wa 10 wa 1993 zaire mpya ikaingia: 1 mpya kwa 3 000 000 za zamani. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1998 ikakuja falanga ya Kongo: falanga 1 kwa zaire mpya 100 000. Muzidishe sasa: falanga 1 ni zaire za zamani 300 000 000 000, maana yake miliare 300.

Kuhesabu zaire moja kila segonde, usiku na muchana, ingepita miaka 9 500. Kwa noti za 5 000 000, zingeombwa noti 60 000 kwa kupata falanga moja tu.

Namba hii inaogopesha watu juu ya zero zake 11. Lakini zero hazina neno. Kila zero ni 10, na 10 ni 2 mara 5. Basi namba yote imejengwa na 2 kumi na moja, 5 kumi na moja, na 3 moja tu. Mujumlishe shifre zake: zinatoa 3. Kwa hiyo inagawanyika kwa 3, lakini kwa 9 hapana.

Ile 3 moja njo inaleta matata. Ukigawanya kwa 2, kwa 5 ao kwa 10, hesabu inamalizika siku zote. Kwa 3, mara mingi haimaliziki.

Tuseme mama wa soko alikuwa na noti moja ya 5 000 000 katika 1993. 5 kugawanya kwa 3 ni 1,666... bila mwisho. Zaire mpya 1 ilikuwa makuta mapya 100, basi likuta 1 ilikuwa zaire 30 000 za zamani. Mama anapata makuta 166, na zaire 20 000 zinabaki hewani. Lakini kama wamama watatu wanaunganisha noti zao, 15 000 000 inatoa zaire mpya 5 kamili. Mwenye kujua hesabu haachie mwenye kubadilisha feza mabaki yake.

Tena, ni namba ngapi zinagawanya miliare 300 bila mabaki? Kwa 2 unaweza kukamata hata moja hapana, ao moja, mpaka 11: njia 12. Kwa 5 pia njia 12. Kwa 3 njia 2. 12 mara 12 mara 2 ni 288. Bila ile 3, zingekuwa 144 tu.

Wadogo wetu, mufanye vile vile kwa 5 000 000. Jibu ni 56, mutuonyeshe njia.