Je, Wajua? Kichwa Ndani ya Gunia

Nairobi, 1954. Mtoa habari kutikisa kichwa tu kulitosha kumpeleka mtu kizuizini! Katika Operesheni Anvil, iliyoanza Aprili 24, Waingereza waliwapitisha washukiwa wa Mau Mau, waasi dhidi ya ukoloni, mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia, macho yakichungulia kwenye matundu. Wakikuyu waliwaita gakunia: kigunia. Jirani alikutaja, nawe hukumwona uso.

Afrika Kusini ya makaburu, msaliti aliitwa impimpi. Miaka ya 1980, aliyeshukiwa tu aliweza kuvishwa tairi na kuchomwa moto.

Ireland ya Kaskazini alikuwa “supergrass”. Mwaka 1983 ushahidi wa mmoja wao uliwapeleka gerezani watu 22. Rufaa ya 1986 ikawaachia 18.

Tanzania? Shushushu. Darasani, anayewachoma wenzake kwa mwalimu ni mnoko.