'Ana' au 'hana'? Mikondo ya redio za polisi na uzito wa pumzi moja

Tazama sentensi hizi mbili: "Ana silaha." "Hana silaha." Kwenye karatasi zinatofautiana kwa herufi moja. Kwenye redio ya polisi, usiku, mvua ikinyesha na mabati yakipiga kelele, zinatofautiana kwa pumzi tu. Makala haya yanaeleza jinsi mikondo ya redio za polisi inavyopangwa, kisha yanauliza swali ambalo sisi watu wa lugha tumelikwepa: Kiswahili kinachopita humo kimeandaliwa kwa kazi hiyo?

Tuanze na istilahi. Chombo chenyewe Kiswahili sanifu hukiita simu ya upepo, ingawa mtaani ni wokitoki. Jina hilo lina utani ndani yake. Neno simu lilitokana na Kiajemi, likimaanisha waya, kwa hiyo simu ya upepo ni "waya wa upepo", yaani waya usio waya. Masafa, neno la Kiarabu lenye maana ya umbali, leo hutaja pia kiwango cha mawimbi. Njia moja ya mawasiliano ndani ya masafa hayo wengi huiita chaneli. Mimi nitaiita mkondo, kwa sababu maji yakiwa katika mkondo mmoja hayachanganyiki na ya mkondo mwingine hadi mahali yanapokutana. Redio za polisi hufanya kazi vivyo hivyo.

Kanuni ya msingi ni rahisi: mikondo hufuata ngazi za amri. Marekani, kwa mfano, shirika la upelelezi la FBI lina afisi zaidi ya 50 za kanda, na kila afisi huwa na mikondo yake. Askari wa Chicago hana haja ya kusikia doria ya Miami. Masafa yote ya idara za serikali kuu hugawanywa na taasisi moja, NTIA, ili idara moja isiingilie nyingine. Juu ya mikondo hiyo ya nyumbani huwekwa mingine ya pamoja, ya kutumiwa idara mbili au tatu zinapokutana katika tukio moja.

Kenya si shirikisho. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 243, iliunda Huduma ya Taifa ya Polisi yenye matawi mawili: polisi wa kawaida na polisi wa utawala. Mwaka wa 2018 serikali ilitangaza mageuzi ya kuyaweka matawi hayo chini ya kamanda mmoja katika kila ngazi. Kwa hiyo ngazi zetu ni kituo kinachoongozwa na OCS, kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha Inspekta Jenerali. Nao usimamizi wa masafa ya taifa uko mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Ngazi zikivurugika, mikondo nayo huvurugika. Shambulio la Westgate la Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, lilifichua jinsi polisi na wanajeshi walivyoshindwa kuratibu kazi yao ndani ya jengo moja. Mwaka uliofuata serikali iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kujenga mtandao mpya wa mawasiliano ya usalama, Nairobi na Mombasa zikitangulia. Mpango huo ulikadiriwa kugharimu Sh14.9 bilioni na ulijumuisha kamera 1,800.

Mitandao ya aina hii hugawa mikondo kwa njia tofauti na ile ya zamani. Zamani ilikuwa kama steji ambapo kila mtaa umetengewa matatu yake: ya Huruma ikijaa, abiria wanangoja, na ya Kariobangi iko tupu kando yake. Katika mfumo wa kisasa matatu zote ni za pamoja, na kompyuta ndiyo makanga. Askari akibonyeza kitufe, kompyuta humtafutia mkondo ulio wazi na kumwunganisha na kikundi chake pekee. Akimaliza, mkondo hupewa mwingine. Masafa machache huhudumia watu wengi, lakini kuna bei ndogo. Kati ya kubonyeza kitufe na njia kufunguka hupita muda mfupi sana, na askari aliyeanza kusema kabla njia haijafunguka hupoteza silabi yake ya kwanza. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Sasa tuteremke hadi Kiamaiko, Eastlands, kwenye soko la mbuzi linalojulikana Nairobi nzima. Jina lenyewe lina umbo la Kikuyu, wafanyabiashara wengi wa mbuzi ni Waborana na Wasomali, na majirani zao ni Wajaluo, Waluhya na wengineo. Kinachowaunganisha ni Kiswahili na Sheng. Ni wadi katika eneobunge la Mathare, pamoja na Huruma, Ngei, Mabatini, Mlango Kubwa na Hospital. Lakini Mathare North haimo humo: iko katika eneobunge la Ruaraka. Kariobangi nazo ni mbili: North iko Embakasi Kaskazini, South iko Embakasi Magharibi. Huruma nyingine iko Eldoret. Askari aliyehamishwa juzi kutoka kaunti nyingine akisema tu "niko Kariobangi, tuma gari", gari linaweza kwenda upande usiofaa.

Hilo si jambo dogo katika mtaa huu. Aprili 2016 jengo la orofa sita lilianguka Huruma na kuua zaidi ya watu 40. Polisi, wanajeshi, Msalaba Mwekundu na vijana wa mtaa walikutana kwenye kifusi kimoja. Siku kama hiyo, mkondo wa pamoja na jina moja la mahali ni sehemu ya uokoaji sawa na koleo.

Baada ya majina, tarakimu. Watu wa redio duniani wana alfabeti ya maneno, Alfa, Bravo, Charlie na mengine, iliyokubaliwa na mashirika ya kimataifa katika miaka ya 1950. Katika utaratibu huo hata tamko la tarakimu ya tisa ya Kiingereza lilibadilishwa, likapewa silabi ya ziada, lisisikike kama la tano. Sisi tuna tatizo kubwa zaidi: sita na tisa. Ni konsonanti zile zile, s na t, t na s, zimebadilishana viti. Kelele kidogo tu, na nyumba nambari 6 inageuka 9. Wakenya wengi hutaja nambari za simu na za magari kwa Kiingereza hata katikati ya Kiswahili. Wengine hudhani ni majivuno, lakini huenda pia ni tahadhari.

Sasa turudi kwenye silabi ya kwanza. Kiswahili huweka ukanushi wake mbele kabisa ya kitenzi. Ondoa ha- katika "hatuna majeruhi", unabaki na "tuna majeruhi". Ondoa ha- katika "hatutaingia", unapata "tutaingia". "Hawana silaha" inakuwa "wana silaha". Yaani pale redio inapokata neno, ndipo lugha yetu inapoficha siri yote. Kilichobaki hakisikiki kama neno lililovunjika. Ni sentensi kamili, sahihi kisarufi, yenye maana kinyume. Ongeza wasemaji wanaodondosha h kwa mazoea, wale wa "abari yako", na "hana" inakuwa "ana" bila redio kuwa na kosa lolote.

Kiamaiko ni mahali ambapo tofauti hiyo haiwezi kuachiwa darasa la sarufi. Usiku wa Machi 30, 2020, polisi wakitekeleza kafyu, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, akafa. Kisa hicho hakikutokana na redio. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha ni umbali gani mfupi uliopo kati ya bunduki na baraza za watu wa hapa, na kwa nini mzazi wa Kiamaiko ana haki ya kutaka taarifa inayomtangulia karao mlangoni pake iwe haina utata.

Wengine watasema suluhisho ni misimbo ya tarakimu, kama ile ya Marekani ya 10-4. Lakini idara mbalimbali za huko ziliipa misimbo ile ile maana tofauti. Kuanzia 2006 serikali kuu iliweka sharti la lugha ya kawaida kwa idara zinazotaka ruzuku, hasa kwa matukio yanayokutanisha idara nyingi. Lugha ya kawaida, basi, ndiyo njia. Nasi tunayo, kwa sababu Kiswahili cha kusema kina dawa yake tayari. Mkenya hasemi tu "hana silaha", husema pia "silaha hakuna". Jambo linatangulia, uamuzi unafuata, na kinyume chake, "silaha ipo", hakifanani nalo hata kidogo. Silabi ya kwanza ikikatika, maana inabaki.

Napendekeza mambo manne kwa vyuo vya polisi. Bonyeza, pumua, kisha sema. Taja jambo kwanza, kisha "ipo" au "hakuna". Taja mahali kwa jina la mtaa pamoja na la wadi. Tarakimu za sita na tisa zirudiwe kwa Kiingereza, bila aibu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 244 kinaitaka polisi ijenge uhusiano mwema na jamii. Vifungu hivyo viwili vinaweza kukutana katika sentensi moja fupi inayorushwa hewani saa nane usiku: "Kiamaiko, wadi ya Kiamaiko. Kijana mmoja. Silaha hakuna."