Gundi ya Epoksi Mbele ya Moto

Fundi wa vyuma aliyezoea kuchomelea huidharau gundi ya epoksi mpaka siku atakapotakiwa kuunga alumini na chuma cha pua, au kuziba ufa wa chuma cha kusubu, kazi ambazo moto mkali huziharibu upesi; hapo ndipo hutafuta ile mirija miwili, mmoja wa utomvu na wa pili wa kigumisho, akaikoroga kwa kadiri iliyoandikwa.

Lakini gundi hii, ijapokuwa ikishika huwa ngumu hata tupa ikalia juu yake, ina mpaka wake katika joto. Ile iliyogandia katika hewa ya kawaida ya karakana aghalabu huanza kulegea baina ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi, si kwa kuyeyuka kama nta, kwani minyororo ya chembe zake imekwisha fungamana, bali kwa kuwa laini na kupungukiwa nguvu. Ndiyo sababu kipande kilichogundishwa, kikitobolewa kwa keekee bila maji ya kupozea, huweza kubanduka. Aina zinazoivishwa katika tanuri, kwa kigumisho maalumu, hustahimili nyuzi 150 na zaidi. Ama unga wa chuma unaotiwa ndani, licha ya dhana ya wengi, hauusogezi mpaka huo sana. Faida yake kubwa ni kupunguza kusinyaa.

Udhaifu huo nao una manufaa: fundi atakaye kubandua kiungo hukipasha moto kiasi, akakichokoa. Asikiunguze tu, maana epoksi ikiungua hutoa moshi wenye kudhuru mapafu.