Vipepeo Weupe Wanaopita: Tuwatambue Kabla ya Kununua Dawa

Ndugu wanavikundi wa Chara na Garsen,

Mvua ikishanyesha, kuna siku tunaona vipepeo weupe wakipita kwa mamia, wote upande mmoja, tangu jua kupanda mpaka alasiri. Hapo mtu huuliza: "Hawa si ndio watatuletea viwavi shambani? Tuchange pesa za dawa?" Ngojeni kwanza tuwaangalie.

Aina mbili zinajulikana sana kwa safari hizi Afrika Mashariki. Ya kwanza, ambayo wataalamu huiita Belenois aurota, ni mdogo, mweupe, mishipa ya mabawa imekolea kahawia karibu nyeusi, naye huruka chini chini. Viwavi wake hula vichaka vya nyika. Wa pili, Catopsilia florella, ni mkubwa zaidi na ana mbio. Dume ni mweupe wa kijani kidogo, jike mara nyingi ana umanjano, na mishipa haina weusi. Huyu hutaga kwenye mijohoro. Mkiona mjohoro wa shule au wa sokoni umeliwa majani na viwavi wa kijani, huenda ni wake. Msiukate, utachipua tena. Mahindi na mpunga, hawa wawili hawana haja nayo.

Adui ni nondo, naye husafiri usiku. Viwavijeshi wanaomaliza mahindi, mpunga na hata nyasi za mifugo hutoka kwa nondo wa kijivu na kahawia. Yule kiwavi mgeni aliyethibitishwa Kenya mwaka wa 2017, anayejificha ndani ya moyo wa mhindi, mama yake pia ni nondo. Mkimshika mdudu, tazameni kichwani: pembe za kipepeo zina kifundo mwishoni, za nondo hazina. Basi kagueni majani ya mahindi yenyewe, mara kwa mara.

Kuwahesabu wapitaji si kazi ngumu. Simama mahali pamoja saa za jua (kukiwa na mawingu wengi hutua), chagua miti miwili, hesabu wanaopita katikati kwa dakika 10. Andika tarehe, saa, idadi na wanakoelekea. Watoto wa shule wanaiweza kutushinda sisi wenye macho ya uzee.

Wengine wanauliza kama wanauzika, kama kule Gede. Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, hununua pupa zinazofugwa na wakulima kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, si vipepeo wa kukamatwa njiani.

Daftari la hesabu lije mkutanoni kabla fedha za dawa hazijapangwa.