Kigali–Kampala: ndege saa moja, safari nusu siku

Watu wengi huniuliza kama inafaa kulipa nauli ya ndege kwenda Kampala ilhali basi lipo. Jibu langu hutegemea mtu amebeba nini na anawahi nini.

Kutoka uwanja wa Kanombe hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 340. Barabara ya Gatuna, Kabale, Mbarara na Masaka ni kama kilomita 510. Ndege hutumia muda usiozidi saa moja, basi saa tisa au kumi, na foleni ya mpakani ikiwa ndefu huzidi hapo.

Lakini ndege haifiki Kampala. Inatua Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka mjini. Jumlisha saa mbili za kuwahi uwanjani, saa moja angani, uhamiaji na mizigo, kisha gari la kuingia mjini: ni saa tano, na msongamano ukikukuta, sita. Kwa hiyo unachookoa ni saa nne au tano, si tisa.

Halafu kuna saa ya ukutani. Kampala iko mbele ya Kigali kwa saa moja. Ukiruka Kigali saa 4 asubuhi, unatua Entebbe saa 6 mchana ya huko. Ukirudi, unatua Kanombe saa ileile uliyoondokea, na wageni hudhani saa zao zimekufa. Kwa mfanyabiashara jambo hili si mzaha. Basi la saa 12 asubuhi humfikisha Kampala kama saa 11 jioni ya kule, maduka ya Kikuubo yanaanza kufungwa, naye inambidi alipie nyumba ya wageni. Basi la saa 2 usiku humfikisha kama saa 1 asubuhi, soko linachangamka, na jioni anaweza kuanza safari ya kurudi. Wazoefu wa njia hii hulala ndani ya basi.

Sisi tuliorudi Rwanda kutoka Uganda baada ya 1994 tuna hesabu nyingine. Ndugu wamebaki kule, na msiba hausubiri basi. Hapo ndege ina thamani yake.

Mambo haya yote yalivurugika mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019. Kwa miaka karibu mitatu mahali pa kufika kwa basi pakawa mbali kuliko Ulaya. Ulianza kufunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022.

Kwa anayepita barabarani leo: raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, usiozidi thamani ya dola 2,000, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani. Kiulizieni kabla ya kumlipa mtu yeyote wa kuwavushia mzigo.